Mtoto hasomi kwa jicho pekee: Mitindo ya kujifunza na nafasi ya taswira katika kusoma

Katika mikutano ya wazazi na walimu wa madarasa ya chini, kuna kauli moja ambayo siku hizi imekuwa kama wimbo. Mzazi anauliza kwa nini mtoto wake aliye Gredi ya Pili bado hajui kusoma. Anajibiwa kwamba mtoto huyo ni ‘wa macho’, yaani hujifunza kwa kuona, kwa hivyo anunuliwe vitabu vyenye picha nyingi. Mwenzake anaambiwa kuwa wake ni ‘wa masikio’, achezewe nyimbo. Wa tatu eti ni ‘wa mikono’, hawezi kutulia na kitabu, apewe vitu vya kushikashika. Mzazi hutoka hapo ameridhika kwamba angalau mtoto wake ameeleweka. Muhula unapita, mwaka unapita, na mtoto bado hajui kusoma.

Makala haya yanaitazama kauli hiyo kwa makini. Je, ni kweli kwamba kila mtoto ana mtindo wake wa kujifunza, na kwamba akifundishwa kwa mtindo huo atajua kusoma upesi? Na taswira, yaani picha iliyo kitabuni na ile anayoiunda mtoto akilini, ina nafasi gani katika kazi hii? Maswali haya mawili huchanganywa mara nyingi, ilhali majibu yake ni tofauti kabisa.

ASILI YA DHANA

Wazo kwamba watu hutofautiana katika njia wanazopenda kujifunza si geni. Lilienea sana kuanzia miaka ya 1970, na mwishoni mwa miaka ya 1980 Neil Fleming wa New Zealand akabuni hojaji ambayo hadi leo hutumiwa kuwapanga wanafunzi katika mafungu: wanaopenda kuona, wanaopenda kusikia, wanaopenda kusoma na kuandika, na wanaopenda kutenda. Walimu waliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa rahisi kueleweka na tena ilikuwa na utu ndani yake, kwa sababu ilikataa kumwita mtoto mjinga. Ilisema kwamba hajafikiwa tu kwa njia yake.

Mnamo mwaka wa 2004 kundi la watafiti nchini Uingereza, likiongozwa na Frank Coffield, lilijaribu kuhesabu nadharia zote za mitindo ya kujifunza zilizokuwa zimebuniwa. Lilipata 71. Hebu fikiria: nadharia 71 kuhusu jambo moja, na nyingi hazikubaliani kuhusu mitindo yenyewe ni mingapi wala ni ipi. Mwalimu anayeambiwa afuate mtindo wa mtoto ana haki ya kuuliza: mtindo kwa mujibu wa nani?

Miaka minne baadaye, yaani 2008, wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, waliuliza swali gumu zaidi. Walisema hivi: ili tuamini dhana hii, ni lazima tufanye jaribio la haki. Tuwagawe wanafunzi kwa mitindo yao. Kisha wanafunzi wa kila mtindo wagawanywe tena kwa sadfa. Nusu wafundishwe kwa kuonyeshwa na nusu kwa kusimuliwa. Mwishowe wote wafanye mtihani mmoja. Dhana itakuwa imethibitika ikiwa ‘wa macho’ watafaulu zaidi walipoonyeshwa, na ‘wa masikio’ wafaulu zaidi waliposimuliwa. Walipopekua tafiti zilizokuwepo, waligundua kwamba chache mno zilikuwa zimefanya jaribio la namna hiyo, na kati ya hizo chache, kadhaa zilileta matokeo yanayoipinga dhana waziwazi.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Nadharia ya Howard Gardner kuhusu aina nyingi za akili, aliyoichapisha mwaka wa 1983 na ambayo walimu wengi hukutana nayo chuoni, mara nyingi hutajwa kama ushahidi wa mitindo ya kujifunza. Gardner mwenyewe ameikana tafsiri hiyo hadharani. Kuwa na kipaji cha muziki, asema, si sawa na kujifunza kila kitu kwa njia ya muziki.

Hii haimaanishi kwamba watoto wote ni sawa. Wanatofautiana, tena sana. Wanatofautiana katika msamiati waliotoka nao nyumbani, katika kasi ya kushika sauti za lugha, katika kumbukumbu, katika afya ya macho na masikio, na katika mambo yanayowavutia. Mtoto anaweza kupenda picha kuliko maelezo, kama anavyoweza kupenda maandazi kuliko sukuma wiki. Lakini kupenda ni suala moja, na kinachomjenga ni suala jingine.

KUSOMA NI KAZI YA VIUNGO VYOTE

Tunapozungumzia kusoma, dhana hii hukumbana na kikwazo cha pekee. Maandishi ni alama zinazoonekana zinazosimama badala ya sauti zinazosikika. Herufi m haina maana yoyote mpaka jicho lililoiona liunganishwe na sikio linaloijua sauti yake. Sasa mtoto ‘wa macho’ atajifunzaje herufi bila sauti? Na mtoto ‘wa masikio’ atajifunzaje sauti ya herufi ambayo hajaitazama? Kusoma ndiyo daraja lenyewe kati ya jicho na sikio. Huwezi kumwambia mtu avuke mto kwa kutumia upande mmoja wa daraja.

Mtafiti wa ubongo Stanislas Dehaene wa Ufaransa ameeleza kwa kina jinsi daraja hilo linavyojengwa. Hakuna mtoto anayezaliwa na sehemu ya ubongo iliyotengwa kwa kusoma, kwa maana uandishi ni uvumbuzi wa juzi tu katika historia ya binadamu. Mtoto anapofundishwa kusoma, sehemu fulani ya nyuma ya ubongo, upande wa kushoto, ambayo awali ilishughulika na kutambua nyuso na vitu, huanza kutambua herufi na kuziunganisha na sehemu zinazoshughulikia sauti na maana. Sehemu hiyo hupatikana takriban mahali pamoja kwa wasomaji wote, wawe wanasoma Kichina, Kiarabu au Kiingereza. Hakuna ubongo mmoja wa ‘msomaji wa macho’ na mwingine wa ‘msomaji wa masikio’.

Ajabu ni kwamba hata watu waliozaliwa bila uwezo wa kuona, wanaposoma Breli kwa ncha za vidole, hutumia sehemu hiyohiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 ulithibitisha hivyo. Mwanafunzi wa shule ya wasioona ya Thika anayepitisha kidole juu ya vitone anafanya kazi ileile ya akili anayoifanya mwenzake anayetazama ukurasa: anageuza alama kuwa lugha.

Mkono nao una nafasi yake. Mwaka wa 2012 Karin James wa Chuo Kikuu cha Indiana, akishirikiana na mwenzake, aliwachunguza watoto wa miaka mitano waliokuwa bado hawajajua kusoma. Wengine waliandika herufi kwa mkono, wengine walizifuatisha juu ya alama zilizochorwa tayari, na wengine walizibonyeza kwenye kibodi. Walipoonyeshwa herufi hizo baadaye, mtandao wa kusoma katika ubongo uliamka zaidi kwa zile walizoziandika wenyewe kwa mkono. Kwa hivyo mwalimu anayewaambia watoto waandike herufi mchangani kwa kidole huku wakitamka sauti yake hawasaidii watoto ‘wa mikono’ peke yao. Anawasaidia wote.

KISWAHILI CHENYEWE KINATUELEKEZA

Hapa ndipo wanalugha wanapopaswa kuingilia mjadala, kwa sababu lugha anayosomea mtoto ina ushahidi wake. Mifumo ya maandishi duniani haifanani. Kuna lugha ambazo herufi na sauti huandamana karibu kila mara, na kuna nyingine ambazo uhusiano huo umejaa vighairi. Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wanaosoma lugha 13 za Ulaya, na wakachapisha matokeo mwaka wa 2003. Watoto wa Kifini, lugha ambayo huandikwa jinsi inavyotamkwa, walisoma sawasawa asilimia 98 ya maneno waliyoyazoea walipomaliza mwaka wa kwanza. Watoto waliosoma Kiingereza huko Scotland walisoma asilimia 34 tu. Haikuwa kwamba watoto wa Finland ni werevu zaidi. Mwenye kujifunza kwa ‘cough’, ‘though’ na ‘through’ ana kibarua kizito.

Kiswahili hakikuwa katika utafiti huo, lakini kila anayekijua ataona kinaangukia upande gani. Irabu zake ni tano na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Silabi nyingi huishia kwa irabu. Zipo sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili, kama ch, sh, dh, gh na ny, na kuna tofauti kati ya ng ya ‘ngoma’ na ng’ ya ‘ng’ombe’. Lakini akishazizoea hizo, mtoto anaweza kusoma neno lolote la Kiswahili, hata ambalo hajawahi kulisikia. Hii ni bahati kubwa, na ni aibu kuitupa.

Tunaitupa namna gani? Kwa kumfundisha mtoto atambue neno zima kwa umbo lake kana kwamba ni picha. Tazama maneno ‘baba’ na ‘dada’. Kwa jicho pekee, tofauti yake ni upande ambao tumbo la herufi limeelekea. Jicho la mtoto limezoea kwamba kikombe ni kikombe, mkono wake ukielekea kushoto au kulia. Dehaene anaeleza kuwa ubongo umeumbwa kupuuza tofauti hiyo ya kushoto na kulia, ndiyo maana watoto wengi wanaoanza kusoma hukanganya b na d bila kuwa na kasoro yoyote. Kinachowaokoa ni sauti na mkono: midomo inakutana kwa b na haikutani kwa d, kalamu huanza na mstari kwa b, na huanza na duara kwa d.

Isitoshe, Kiswahili ni lugha ya viambishi. Mzizi -som- peke yake hutoa anasoma, walisoma, tusome, msomaji, somo, akitusomea, wamesomeshwa na mamia ya maumbo mengine. Mtoto aliyekariri umbo la ‘soma’ kwa macho atafanya nini atakapokutana na ‘hatutawasomea’? Neno hilo moja lina silabi saba, na Kiingereza kingelieleza kwa maneno sita. Hakuna kumbukumbu ya macho inayoweza kuhifadhi maumbo yote ya vitenzi vya Kiswahili. Lakini mtoto anayejua silabi hana shida: ha-tu-ta-wa-so-me-a. Anafika mwisho wa neno akiwa amelisoma. Huenda hii ndiyo sababu vigezo vilivyotumiwa nchini kupima ufasaha wa kusoma katika madarasa ya chini viliweka maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Neno la Kiswahili hubeba mzigo mkubwa zaidi.

Hata kwa Kiingereza, msomaji hodari hahifadhi maneno kama picha. Linnea Ehri, mtafiti wa Marekani aliyelishughulikia suala hili kwa miongo mingi, ameonyesha kwamba neno hukaa katika kumbukumbu pale herufi zake zinapofungamana na sauti zake. Baada ya hapo ndipo jicho hulitambua mara moja, nasi tukadhani lilikuwa picha tangu mwanzo.

PICHA INAPODANGANYA

Turudi kwa yule mtoto wa Gredi ya Pili aliyenunuliwa vitabu vya picha. Ukurasa una picha ya mbwa mlangoni, na chini yake pameandikwa: ‘Simba anabweka.’ Mtoto anatazama picha, anatabasamu, anasema: ‘Mbwa anabweka.’ Mzazi anapiga makofi. Lakini mtoto huyo hajasoma. Amebahatisha. Angesoma angegundua kwamba Simba ni jina la mbwa huyo. Ukurasa wa pili una picha ya gari na maandishi yanasema ‘matatu’. Mtoto anasema ‘gari’. Kadiri picha zinavyokuwa nzuri, ndivyo kubahatisha kunavyofaulu, na ndivyo anavyochelewa kugunduliwa. Atagunduliwa Gredi ya Nne, picha zitakapopungua na maandishi kujaa ukurasa.

Tusidhani kwamba sikio peke yake lina nafuu. Darasa linaweza kuimba ‘ba, be, bi, bo, bu’ kwa sauti ya kutikisa mabati, na mwalimu akafurahi. Mtenge mtoto mmoja, umwonyeshe ‘bo’ peke yake, utamsikia akianza tena ‘ba, be, bi…’ mpaka aifikie. Ameshika wimbo, hajashika herufi. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto anayenakili ubao mzima kwa mwandiko wa kupendeza asiweze kusoma hata mstari mmoja wa alichoandika.

Sikio lina kazi nyingine ambayo Wakenya hatuwezi kuipuuza. Wengi wetu huja shuleni tukiwa na lugha ya mama, na baadhi ya lugha hizo hazitofautishi sauti l na r. Kwa mtoto kama huyo, ‘kalamu’ na ‘karamu’ ni neno moja, kama zilivyo ‘kula’ na ‘kura’. Kabla hajaonyeshwa herufi mbili, anahitaji kusikilizishwa sauti mbili, atazame ulimi wa mwalimu, acheze mchezo wa kubagua maneno. Asipofanyiwa hivyo, ataziona herufi mbili kama usumbufu usio na sababu. Hapa pia mwalimu hachagui mtoto ‘wa masikio’. Anatazama sauti gani inamshinda mtoto gani, na kwa nini.

Mpango wa Tusome, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka wa 2015, ulisisitiza mambo haya: sauti ya herufi kwanza, kisha silabi, kisha neno, kisha hadithi fupi ambayo mtoto anaweza kuisoma kwa kile alichokwisha kufundishwa. Walimu wakongwe waliocheka wakisema hayo ndiyo waliyofundishwa wao zamani hawakukosea sana.

TASWIRA YA AKILINI

Je, basi taswira haina kazi? Ina kazi kubwa, ila mahali pengine.

Mwaka wa 1986 Philip Gough na William Tunmer walipendekeza maelezo sahili ya kusoma ambayo bado yanaheshimiwa. Walisema kusoma kwa ufahamu ni zao la mambo mawili: kusimbua, yaani kugeuza herufi kuwa maneno, na kuelewa lugha yenyewe. Walitumia alama ya kuzidisha, si ya kujumlisha, na hapo ndipo penye hekima. Ukizidisha chochote kwa sufuri unapata sufuri. Mtoto anayeelewa hadithi vizuri anaposimuliwa lakini hawezi kusimbua, ana sufuri. Na anayesimbua kila neno bila kuelewa hata moja, vilevile ana sufuri.

Taswira ya akilini imo katika sehemu ya pili. Mwaka wa 1976 Michael Pressley aliwafundisha watoto wa miaka minane waunde picha akilini kila walipomaliza kipande cha hadithi. Watoto hao walikumbuka mengi kuliko wenzao walioambiwa tu wajitahidi kukumbuka. Angalia hapa: watoto hao walikuwa tayari wanajua kusoma. Picha haikuwasaidia kuyajua maneno. Iliwasaidia kuyashika yale waliyoyasoma.

Hebu tuone inavyokuwa. Mtoto anasoma: ‘Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi, Juma alivuka kijito akiwa amebeba viatu mkononi.’ Mwalimu anafunga kitabu na kuuliza: Unamwona Juma? Maji yamemfika wapi? Kwa nini viatu haviko miguuni? Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kijito kimejaa, wala kwamba Juma hataki kulowesha viatu vya shule. Mtoto aliyeunda taswira ataliona hilo. Aliyesoma maneno tu hataliona, na swali la ufahamu litamshinda ingawa alisoma bila kukwama.

Lakini taswira haitoki hewani. Inatokana na msamiati na maisha. Ukiandika ‘Ngalawa ilitweka tanga alfajiri’, mtoto wa Lamu ataona bahari, upepo na kitambaa kikipanda mlingotini. Mtoto wa Lodwar anaweza kusoma sentensi hiyo silabi kwa silabi bila kosa, asione chochote. Huyu ndiye anayehitaji picha kitabuni. Aonyeshwe ngalawa, aambiwe tanga ni nini, kisha arudie sentensi. Picha hapa inafundisha maana ambayo mtoto hana. Haimsaidii kuruka neno ambalo hajalisoma.

Tena, watu hutofautiana sana katika uwezo huu wa kuona kwa jicho la akili. Mwaka wa 2015 Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter na wenzake walilipa jina hali ya watu ambao hawaoni picha yoyote akilini hata wakijaribu: afantasia. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya filamu za vibonzo ya Pixar, amesema hadharani kwamba yeye ni mmoja wao. Watu hawa husoma, huelewa na hukumbuka. Kwa hivyo mwalimu anapomuuliza mtoto ‘unaona nini?’ naye akajibu ‘sioni kitu’, asimkemee. Amwombe achore, aigize, au aeleze kwa maneno yake nini kilitokea na kwa nini. Kinachotafutwa ni maana. Taswira ni mojawapo ya njia za kuifikia.

LEBO INAPOFICHA TATIZO

Huenda msomaji akauliza: kuna ubaya gani kumwita mtoto ‘wa macho’? Si ni jina tu? Ubaya upo, na unalipwa na mtoto.

Anayeambiwa kuwa ni ‘wa mikono’ kwa sababu hatulii na kitabu, huenda haoni ubao. Anayehitaji ni miwani. Yule anayeitwa ‘wa macho’ kwa sababu hutazama wenzake kabla ya kujibu, huenda masikio yake yana usaha tangu utotoni na hasikii vizuri kutoka dawati la nyuma. Na mtoto mwerevu, msemaji, anayesimulia hadithi ndefu lakini herufi zinamkimbia mwaka wa tatu sasa, huenda ana disleksia. Disleksia si uvivu wala si tatizo la macho. Katika visa vingi, chanzo chake ni ugumu wa kushughulikia sauti za lugha, na mtoto huyo huhitaji mafunzo ya sauti na herufi yaliyo wazi zaidi, ya polepole zaidi na ya kurudiarudia. Ukimpa picha badala ya sauti unamnyima kitu kilekile anachokihitaji. Nchini Kenya vipo vituo vya EARC vinavyotathmini watoto wenye mahitaji maalumu ya kujifunza, na huko ndiko anakopaswa kupelekwa, mapema.

Kwa mwalimu mwenye watoto sitini darasani, habari hii ni ya kutua mzigo. Hahitaji kuandaa masomo matatu kwa mitindo mitatu. Somo moja zuri linatosha, ambalo kila mtoto anaiona herufi, anaisikia sauti yake, anaitamka na kuiandika. Muda aliouokoa autumie kumsikiliza kila mtoto akisoma peke yake, hata kwa dakika moja kwa wiki.

Mzazi naye ana jambo la kufanya jioni ya leo, na halihitaji pesa. Chukua kitabu ambacho mtoto wako ‘anakijua’. Funika picha kwa kiganja, umwombe asome. Kisha mwonyeshe neno moja katikati ya ukurasa, si la kwanza wala la mwisho, aliseme. Halafu mwandikie kwenye karatasi maneno yasiyo na maana: pamu, duki, tebo. Anayeyasoma hayo anajua kusoma, na sasa anahitaji vitabu vingi na mtu wa kuzungumza naye juu ya alichosoma. Akikwama, utakuwa umejua ni herufi ipi au silabi ipi iliyomkwamisha. Anza nayo hiyo.